Wasomaji Wanauliza: Chakula cha Krismasi kwa Ukoo Mzima

Kadiri Desemba inavyokaribia, barua za wasomaji wetu huhamia jikoni. Hizi tatu nimezichagua kwa sababu zinagusa jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mapishi yenyewe, nalo ni kwamba orodha ya watu huandikwa kwanza, ya vyakula baadaye.

SWALI: Mama, nimeolewa Jinja, Uganda, na mwaka huu Krismasi ya ukoo italiwa kwetu kwa mara ya kwanza. Upande wa mume wangu ni Wakatoliki waliozoea nyama ya nguruwe siku hiyo. Upande wangu ni Waislamu, na baba yangu mzazi amekubali kuja. Tutakuwa watu wapatao 40, na mama mkwe anataka luwombo, yaani mchuzi unaofungwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Nipange vipi ili asiwepo mtu atakayeketi mbele ya sahani ashindwe kula?

JIBU: Mwanangu, baba yako amewaheshimu sana kwa kukubali kuja, na heshima hiyo irudishwe kuanzia machinjoni. Mwombe yeye mwenyewe, au mzee mwingine Mwislamu wa jirani, awachinje kuku na mbuzi wote watakaoliwa siku hiyo. Katika nyumba nyingi za Buganda na Busoga ambamo dini hizi mbili zinaishi chini ya paa moja, ndivyo inavyofanyika, na Mkristo hapungukiwi na kitu kwa kula nyama hiyo. Usijaribu kugawanya mifugo nusu kwa nusu, kwa maana nyama ikishakatwa vipande hakuna atakayeweza kuapa kipi kimetoka wapi, na mgeni mwenye shaka ataishia kula wali na mboga za majani huku akikuhakikishia kwamba ameshiba.

Juu ya nguruwe nitasema bila kuzunguka: asipikwe kwenu tarehe 25, hata kwenye sigiri iliyowekwa nyuma ya nyumba, kwa sababu visu, mafuta, sufuria na mikono ya wapishi haikai mahali pamoja. Tarehe 26 nayo ni sikukuu ya taifa, na wakwe zako wanaweza kumchoma siku hiyo nyumbani kwa mmoja wao. Neno hili lisitoke kinywani mwako. Mumeo ndiye awaambie ndugu zake, mapema, kabla hawajaweka oda buchani, kwani likisemwa na mke wa mtu litasikika kama amri, lakini likisemwa na ndugu yao litakuwa ni mpango wa nyumba.

Baada ya dini, uliza miiko ya koo, ambayo wapangaji wengi huisahau. Kama wamo wageni kutoka Buganda, mtu wa ukoo wa Butiko hali uyoga, wa Nsenene hali senene (wale panzi wa kuliwa), na wa Mamba hali samaki aitwaye kamongo, na koo za Busoga nazo zina miziro yake, yaani miiko ya namna hiyo. Wakumbuke pia wanawake wazee. Zamani wanawake wa Buganda walikatazwa kuku na mayai, na bibi aliyelelewa katika desturi hiyo huenda hadi leo hamgusi kuku ingawa hatasema chochote mbele za watu. Binti mmoja wa kila upande apewe kazi ya kuuliza haya kwa upole wiki mbili kabla.

Hapo ndipo utakapoona kwamba mama mkwe wako amechagua vizuri. Luwombo hupikwa kwa vifurushi vya majani ya mgomba, kila kimoja na mchuzi wake, kwa hiyo sufuria moja kubwa yaweza kubeba kuku, mbuzi, karanga zenye samaki mkavu, na uyoga, bila kimoja kuchanganyika na kingine. Funga vifurushi vya watu wanne wanne, na kila aina iwe na alama yake katika kufunga: fundo moja kwa kuku, mawili kwa uyoga, na kadhalika, ili anayepakua asifungue kwa kubahatisha.

Majani yawe machanga na yasiwe na mpasuko hata mmoja. Yapitishwe juu ya moto hadi yalainike, na uti wake uchongwe kwa kisu mpaka jani likunjike bila kuvunjika. Jani lililopasuka humwaga mchuzi wote chini ya sufuria, kwa hiyo andaa majani zaidi ya unayohitaji. Kuku abanikwe kidogo juu ya makaa kabla ya kufungwa, maana harufu ya moshi ndiyo inayoifanya luwombo iwe luwombo. Chini ya sufuria tandika vikonyo vya migomba, tia maji yasiyofikia vifurushi, funika kwa majani, na uuache mvuke ufanye kazi kwa muda wa saa tatu au nne, hasa kama kuku ni wa kienyeji. Misa ikichelewa kwisha, chakula kibaki juu ya makaa madogo hadi wageni waketi, kisipakuliwe mapema na kuachwa mezani, kwa sababu chakula kilichopikwa hakifai kukaa kikipoa kwa zaidi ya saa 2, na katika joto letu la Desemba hata muda huo ni mrefu.

Kumenya matoke ya watu 40 usikubali kukufanya peke yako. Waite mashangazi wa pande zote mbili jioni ya tarehe 24, wakae pamoja na visu vyao, wamenye na kufunga, na sufuria iwekwe motoni alfajiri. Wanawake waliomenya ndizi pamoja usiku hawawezi kukaa meza mbili tofauti mchana wake. Kuhusu firigisi, lile fungu la heshima, kuku watakuwa wengi, kwa hiyo kila mzee apate yake, na ya kwanza apelekewe baba yako kwa mkono wa mumeo.

SWALI: Mama, nafanya kazi Kampala na kwetu ni Ibanda. Tumezaliwa sita, lakini kila Krismasi gharama za chakula huniangukia mimi, nami hununua kila kitu wiki ile ya mwisho wakati bei zimepanda. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, hapa pana matatizo mawili, na la bei ndilo jepesi. Mchele, maharagwe, chumvi, sukari na mafuta havina sababu ya kusubiri Desemba, kwa hiyo vinunue kidogo kidogo kuanzia Oktoba. Karanga nunua nzima, uzisage karibu na siku yenyewe, na utupe bila huruma kila punje iliyoota ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi, kwa sababu sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kupikwa. Kuku watafutwe kijijini mapema na kulishwa nyumbani, jambo linalokuondolea pia adha ya kusafiri nao kwenye basi ambalo nauli yake imeshapanda. Matoke na nyanya tu ndizo za dakika za mwisho, kwani haziwezi kusubiri.

Kuhusu nyama, uliza kama kijijini kwenu kuna kikundi cha kuweka akiba ya nyama. Vikundi hivi vipo sehemu nyingi za Uganda: wanachama huchanga mwaka mzima, hununua fahali pamoja, na Krismasi inapofika kila nyumba hupata fungu lake. Mchango mdogo wa kila wiki hauumi kama kilo zinazonunuliwa kwa bei ya mkesha.

Tatizo la pili ni kwamba ndugu zako watano wamezoea kula bila kuulizwa. Usiwagawie kiasi cha fedha, maana hapo zitaanza hesabu za nani ana mshahara na nani hana. Mgawie kila mmoja kitu kinachotajika: huyu alete mchele, yule samli ya eshabwe (mchuzi wetu wa samli), mwingine kuni na vinywaji, na asiye na kipato kabisa atoe mikono yake, awe wa kwanza kuamka na kusaga ulezi wa kalo, yaani ugali wa ulezi. Mzee au mama yenu ndiye ayatangaze majina na majukumu hayo, mwezi Novemba, wote wakisikia. Anayesahau mchele wake atakuwa ameisahau sufuria ya mama, wala si ya kwako.

SWALI: Mimi ni mama wa Mbale. Wajukuu wangu wanaokulia Kampala wanapokuja Krismasi hawataki malewa (machipukizi ya mianzi), wanataka chipsi na kuku wa kukaanga. Niache kuyapika?

JIBU: Usiache, mama yangu. Machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi kutoka Mlima Elgon hayapatikani kwa urahisi huko wanakoishi, na mtoto hawezi kukizoea chakula anachokiona mara moja kwa mwaka kikiwa tayari kwenye bakuli. Waite jikoni tangu yanapolowekwa. Mkubwa achemshe hadi yalainike, mdogo akoroge karanga iliyosagwa, nawe uonje chumvi mbele yao. Wapakulie kijiko kimoja kando ya hao kuku wanaowapenda, bila kuwalazimisha na bila kuwasimanga mbele ya wageni. Wakati wa kuondoka, wafungie malewa makavu pamoja na karanga kidogo, na mkabidhi yule aliyeyachemsha, ili siku wazazi wao watakapotaka kuyala kule Kampala awepo mtoto anayejua yanavyopikwa.