Sekunde 30 hazikulindi
Umeuliza kama ukichukua chini ya sekunde 30 za wimbo wa mtu bila ruhusa na kuziweka kwenye video yako uko salama. Hapana, ndugu yangu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haina kipimo hicho popote. Jaji huangalia umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na umemharibia mwenyewe soko vipi, kisha anayapima yote kwa pamoja.

Kuhusu kiasi, itazame kesi ya jarida la The Nation, 1985. Lilinyofoa maneno kama 300 tu kwenye mswada wa kitabu cha kumbukumbu za Rais Gerald Ford wenye maneno 200,000, kabla kitabu hakijatoka. Mahakama ya Juu ikaukataa utetezi wake kwamba lilichukua kidogo tu: maneno hayo machache ndiyo yaliyokuwa moyo wa kitabu, hasa habari za kumsamehe Nixon, rais aliyemtangulia. Na hasara ilionekana wazi, maana jarida la Time, lililokuwa limenunua haki ya kuchapisha dondoo, lilijitoa na kukataa kulipa dola 12,500 zilizobaki.

Sasa wewe, wimbo huo unauchambua, au umeuweka tu nyuma ili video ichangamke? Hilo ndilo la kwanza utakaloulizwa.