Baba alipika, lakini nje

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanaume anayepika nyumbani anajishushia heshima. Swali limenigusa pabaya. Baba yangu alikuwa anapika, na mtaani kwetu Lindi walisema mama kamlisha limbwata.

Alikuwa askari. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, aliondoka na wenzake, na 1979 akaingia Uganda. Aliporudi hakuweza tena kukaa ndani muda mrefu. Akipata nafasi alibeba muo, yaani mti wa kuchimbia, na panga, akaelekea porini upande wa Rutamba.

Siku moja alinichukua kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Ilikuwa kiangazi, nina miaka kumi na moja. Wakati huo majani yameshapukutika, imebaki kamba nyembamba iliyojisokota kwenye kijiti, na mtu asiyeijua anaipita tu. Baba aliifuata kwa vidole toka juu mpaka ardhini, taratibu, maana ikikatika hujui tena pa kuchimba. Akapiga magoti, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwikoni. Kichwa cha mzizi alikiacha. Akakifukia, akakanyaga udongo kwa kisigino, mwakani turudi palepale.

Alipika hapohapo. Mafiga matatu, mestini yake, kisufuria cha jeshi kilichobonyea ubavuni, chumvi, maji kidogo, majani mabichi juu, kisha kifuniko. Ming'oko haitaki maji mengi, wala haitaki haraka. Tukiwa tunasubiri akapita mtu na baiskeli ya mkaa, akasimama.

"Afande! Mama kakukabidhi jiko?"

Niliona aibu mpaka nikainama. Baba akasema, "Karibu, kaa ule." Yule bwana akakaa kweli. Wakala wawili hao kimya, wanamenya kwa kucha, wanapuliza vidole. Alipoondoka, baba akaniambia, macho yakiwa kwenye moto: "Aliyekuwa akitupikia kule Uganda alipigwa risasi tulipopita Masaka. Jioni watu wana njaa. Nikashika sufuria mimi."

Akamwaga mchanga kwenye moto, tukarudi nyumbani. Sikumsikia tena akilisema hilo. Kila 25 Julai, redio ikianza habari za Siku ya Mashujaa, alikuwa anaizima, anatoka kwenda kuchanja kuni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwajibu kwa mkato kwamba heshima haipungui hata kidogo. Bado naamini hivyo. Lakini nikikumbuka vizuri, baba hakuwahi kukanyaga jiko la mama. Mwaka mama alipolazwa kwa malaria, aliyesonga ugali wa muhogo na kuchemsha mbaazi ni mimi, naye alikaa jamvini akisubiri maji ya kunawa. Samaki akikaangwa ndani ni kazi ya mama. Akichomwa ufukweni ni kazi ya baba, na sifa zote ni zake.

Kwa hiyo siwezi kumtoa baba kama mfano kwa hao vijana mnaowauliza. Mwanaume anayepika siku moyo ukimtuma asihesabiwe kuwa anapika nyumbani. Naandika hili na linaniuma, kwa sababu nahisi baba hakuwa anamsaidia mama wala hakuwa anajionyesha. Pale kwenye mafiga alikuwa na watu wake, ambao mimi siwajui hata kwa majina. Labda kwenu mambo ni tofauti, na labda mama angejibu vingine kabisa.

Sijamuuliza. Yeye sasa ni mzee, na baba hatunaye. Ila nikimpelekea ming'oko kutoka sokoni hataki ipikwe jikoni. Anatoka mwenyewe na fimbo yake, anapanga mafiga chini ya mkorosho, na ananituma nikalete ile mestini.