Aliyeniambia nikae nyuma

Jumamosi iliyopita jioni, jua limeshashuka upande wa Pongwe, nilimaliza mechi ya tenisi kwa mpira ambao hata sikuupiga. Niliukinga tu. Ukagusa raketi, ukadondoka ng'ambo ya neti, ukadunda mara mbili mpinzani wangu bado yuko njiani. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli yake akasema, "Huyu mama siku hizi ana mkono." Siku hizi! Nimelala na neno hilo usiku kucha.

Naandika kwa sababu ya dada mmoja wa Muheza aliyeniuliza. Anasema akiwa nyuma anacheza vizuri, ila akisogea kwenye neti miguu inaganda. Dada yangu, ugonjwa huo naujua, umenilaza.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nacheza wawili wawili na kaka mmoja hapa Tanga, jina lake nalihifadhi. Walikuja wageni, mechi ya kirafiki tu. Mmoja wao akanipiga mpira wa kifua, nami nikainama nikajifunika uso kwa raketi kama mtu anayekimbia nyuki. Watu wakacheka. Akarudia. Akarudia tena, maana alishaona mlango uko wazi. Tulipobadilishana upande, mwenzangu akasema kwa sauti, wote wasikie: "Dada, wewe kaa nyuma, huku mbele niachie mimi." Nikakaa nyuma. Tukafungwa 6–2, 6–3. Wiki iliyofuata nikamkuta uwanjani na mwenza mwingine. Hata ujumbe hakunitumia, na futari tumekula sinia moja.

Miezi mitatu sikushika raketi. Hiyo haina hadithi.

Aliyenirudisha ni mwanangu, wakati huo ana miaka 12. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye neti, yeye akakaa kwenye mstari wa boksi la kuanzishia upande wa pili, mita 6.4 kutoka kwenye neti, akawa ananirushia mipira kwa mkono. Sina raketi, nadaka. Wiki nzima nadaka tu, majirani wanadhani nimerukwa na akili. Kisha nikashika raketi shingoni, karibu kabisa na nyuzi, nakinga. Mwisho ndiyo nikashuka kwenye mpini. Siku moja akakosea, mpira ukanipata begani. Uliuma kama kofi la shangazi, na kabla sijamaliza kulalamika maumivu yameisha. Nikacheka peke yangu. Kumbe muda wote nilikuwa nakimbia kitu ambacho sijawahi kukionja!

Sasa dada, shika raketi kama unavyoshika nyundo, na usibadilishe mshiko kulia wala kushoto, kwa sababu nafasi ya kubadilisha huna. Uwanja mzima una urefu wa mita 23.77; ukisimama mbele, mpira unakufikia karibu kwa nusu ya muda uliouzoea. Ndiyo maana nasema usiivute raketi nyuma. Ikishapotea machoni mwako, umeipeleka mbali mno. Mpinzani anapogusa mpira, wewe ruka kidogo, utue kwa miguu yote miwili, ndipo uende unakokwenda. Na usipige. Kinga. Nitalirudia hili mpaka unichoke: kinga.

Msimu wa kusi ndiyo utanishukuru. Mipira ya juu upepo unaichezea unavyotaka, lakini unaokingwa pale mbele hauna safari ndefu ya kupeperushwa. Ila chunga mavazi. Mimi pindo la sketi yangu ndefu liligusa neti mpira ukiwa bado unachezwa, pointi ikaenda, na sheria ndiyo hiyo, nguo nayo ni wewe. Siku hizi nabana pini.

Tena tuseme ukweli, sisi wanawake wa pwani kukaa nyuma tumefundishwa mapema. Nyuma kuna heshima, nyuma hakuna anayekucheka. Mcheza tenisi Martina Navratilova alichukua mashindano ya Wimbledon mara 9 akicheza peke yake, na hakukaa nyuma kusubiri mtu akosee. Alikuwa akianzisha mpira anaufuata huko huko kwenye neti. Mtu akikwambia mbele si pako, muulize nani kampa uwanja. Mimi sikuuliza, nikapoteza miezi mitatu, na kusema kweli bado inaniuma nikipita pale barabarani nikamwona yule mwenzangu wa zamani.

Juzi yule kaka kanitumia ujumbe: "Dada, Jumamosi una mtu wa kucheza naye?"

Ninaye. Ana miaka 14 sasa, na yeye ndiye anayekaa nyuma.