Anti Nijibu: Nimeona tangazo la kupanda Lengai usiku, niende?

Swali: Shikamoo anti. Mimi msomaji wako wa Tabata, nina miaka 34, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima na mazoezi yangu ni kukimbia kidogo Jumamosi nikiamka vizuri. Sasa iko hivi, kwenye grupu letu la WhatsApp la ofisini wametuma tangazo la kwenda kupanda Ol Doinyo Lengai usiku ili kuona jua likichomoza juu ya volkano hai. Ni safari ya kujoini, watu 18 ambao wengi hatujuani, tunatoka Dar Ijumaa jioni tunarudi Jumatatu alfajiri, bei nafuu kweli, na kwenye tangazo wameweka picha ya lava nyekundu inaruka juu hatari. Shoga yangu ameshalipa advansi. Mume wangu anasema mlima unaweza kulipuka tukiwa juu, mimi naogopa zaidi kuwachelewesha watu. Niende nao au tutafute safari yetu wenyewe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na ratiba maana mumeo anaogopa mlima, mimi naogopa basi. Hebu tuhesabu wote. Ijumaa usiku uko kwenye basi la Arusha umekaa. Jumamosi asubuhi unashuka unaingia kwenye Landkruza, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu mnachepuka kushika njia ya Selela na Engaruka, vumbi na makorongo mpaka Engare Sero kule Ziwa Natron, mkifika mchana umeshaisha. Mnakula, mnajilaza masaa mawili matatu kwenye hema lenye joto, saa tano usiku mnaamshwa mkapande. Jumapili mmeshuka magoti yanatetemeka, mnarudishwa garini, Arusha, basi tena, Jumatatu alfajiri uko Mbezi stendi na saa mbili unatakiwa kazini. Usiku wa tatu huo hujagusa kitanda! Na dereva wa Landkruza je, yeye analala saa ngapi, kwenye barabara ile? Hilo ndilo la kwanza ningewauliza wenye tangazo.

La pili picha. Lava nyekundu inayoruka juu sio ya Lengai, hiyo wameitoa mlima mwingine. Lengai ina lava yake ya pekee, hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna hiyo, imejaa kaboneti ya sodiamu, yaani ndugu yake kabisa na magadi unayotia kwenye maharage. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati lava ya volkano ya Nyiragongo pale Goma, Kongo, inazidi 1,000, kwa hiyo mchana haiwaki, unaiona nyeusi na nyepesi inakimbia kama oili chafu ya gari, usiku ndio inatoa wekundu hafifu, halafu ikishapoa ikapigwa na unyevu inageuka nyeupe, ndio maana kwenye picha za zamani kilele kinaonekana cheupe mtu anadhani theluji. Madini mojawapo ya humo yanaitwa nyerereite, yamepewa jina kwa heshima ya Mwalimu, mwambie mumeo hilo labda atalegea.

Na usitegemee kuingia ndani ya kreta, lile shimo la kileleni. Zamani watu walikuwa wanatembea humo, wengine wanalala kabisa, lakini baada ya milipuko ya 2007 na 2008 pakabaki shimo lenye kuta za wima, kina chake zaidi ya mita 100, na tangu hapo lava inalijaza taratibu. Utasimama ukingoni uangalie chini kwenye vichuguu vya lava, hiki kinatoa moshi, kile kinavuma, ukiwa na bahati kimoja kinatema. Siku nyingine ukungu umefunika kila kitu unasikia tu kitu kinachemka huko chini. Kinapendeza hata hivyo, mimi nakipenda kile kishindo kuliko hata hilo jua.

Kuhusu kulipuka mumeo hajakosea, mlima ule uko hai kweli. Ulilipuka 1917, ukalipuka 1940, ukalipuka 1966, na mara ya mwisho kwa nguvu ulianza Septemba 2007 ukaendelea mpaka 2008. Lakini mwaka ule wa 2007 ulipiga hodi kwanza, Julai matetemeko yalianza na lile la tarehe 17 lilisikika mpaka Nairobi, ndipo Septemba majivu yakapanda na wafugaji wa chini wakahama na mifugo yao. Siku hizi Chuo Kikuu cha Ardhi na wenzao wa Marekani wameweka vifaa vya GPS kuzunguka mlima vinavyopima kama ardhi inavimba. Hiyo haimaanishi mlima umeahidi kuwa kila mara utapiga hodi. Kwa hiyo wiki ile ile ya safari mpigie mtu wa Engare Sero mwenyewe, sio ofisi ya mjini, muulize mlima unasemaje. Wamasai wanauheshimu, wanakwenda kuomba mvua na watoto pale, wanauangalia kila siku wakichunga, wakikwambia wiki hii hapana basi hapana. Ila anti wako nikwambie ukweli, usiku ule kinachoweza kukuumiza haraka zaidi ni kuteleza.

Maana mwanangu ule mwinuko sio wa kukimbia Jumamosi. Mnaanzia kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari mnaishia 2,900 na kitu, usiku mmoja, bila kibanda, bila maji, bila hata mti wa kuegemea. Watu wanadhani tunapanda usiku kwa ajili ya jua kuchomoza, hapana, jua kuchomoza ni zawadi tu, tunapanda usiku kwa sababu mchana bonde lile linawaka na kivuli hakuna. Mwanzo ni majivu, unapiga hatua mbili mchanga unakurudisha moja, na mchanga wenyewe unaingia kiatuni mpaka soksi zinakuwa nzito, kwa hiyo tafuta vile vitambaa vya kufunga juu ya kiatu, wapagazi wa Kilimanjaro wanaviita geita. Huko juu majivu yamegeuka jiwe, kuna mifereji mifereji, mteremko unakaribia kuwa ukuta, unapanda kwa mikono na miguu. Hapo ndipo glovu zinapohitajika, sio za baridi, za fundi zile za kawaida za Kariakoo, kwa sababu jiwe lile lina makali na ukiteleza cha kwanza kushika ni kiganja. Harufu ya kiberiti ikianza kukupiga ujue umekaribia.

Kingine ambacho hawakwambii, ukifika mapema ni adhabu. Umepanda unatoka jasho fulana imelowa chepechepe, unafika saa kumi na moja kasoro, upepo unakukuta umesimama, unaanza kutetemeka na jua litatoka baada ya saa kumi na mbili huko. Beba fulana kavu kwenye mfuko wa plastiki uibadilishe hapo hapo gizani, hakuna anayekuangalia, kila mtu anashughulika na meno yake yanayogongana. Halafu kukipambazuka ndio unaona milima ya Gelai na Kitumbeine, hewa ikiwa safi na Kilimanjaro kwa mbali, na ukigeuka nyuma upande wa magharibi kivuli cha Lengai kimelala kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, pembetatu imechongoka kabisa. Wengi wanapiga picha upande wa jua tu wanasahau kugeuka.

Kisha mnashuka, na hapo ndio kazi. Usiku ulikuwa huoni ulikopita, asubuhi unaona. Nimewaona wanaume wa gym wakishuka kwa makalio kipande kizima na sikuwacheka maana ni njia sahihi kabisa. Maji lita tatu, usinywe yote ukipanda, bakiza ya kushukia.

Sasa grupu. Kujoini sio kubaya, gari na mafuta mnagawana na ndio inavyowezekana kwa mshahara wetu huu. Tena njiani kuna mageti kadhaa ya kulipia, ya halmashauri, ya vijiji, muulize kama yamo kwenye bei au mtaanza kuchangishana barabarani. Lakini kwenye mlima ule swali kubwa ni hili: mmoja akishindwa saa nane usiku, anashuka na nani? Haruhusiwi kushuka peke yake na haruhusiwi kuachwa amekaa kwenye jiwe eti atasubiri. Kama mko 18 na waongozaji watatu, wa kwanza akirudi anaondoka na mwongozaji mmoja, wa pili akirudi nusu saa baadaye anaondoka na wa pili, wamebaki watu 16 na mtu mmoja gizani. Ndipo mwongozaji anapoamua kuwabana wote mwende mwendo wa yule wa mwisho, jua linawatokea mko nusu ya mlima, watu wananuna, na yule wa mwisho analazimisha mwili kwa aibu. Hiyo aibu ndiyo inayovunja watu miguu. Wewe umesema unaogopa kuwachelewesha watu zaidi ya unavyoogopa volkano, nakuelewa sana, na ndio maana nisingependa ukae kwenye kundi la watu 18.

Waandikie kwenye WhatsApp ibaki maandishi: waongozaji wangapi, ni watu wa Engare Sero au wanatoka mjini, mtu akiumia juu anateremshwaje (ni kwa migongo na mikono ya watu tu, asikudanganye na helikopta), na tunalala wapi kabla ya kupanda. Wakikujibu vizuri kwa hoja, sawa. Wakikujibu "usijali dada tutayamaliza huko huko", umeshajibiwa.

Ningekuwa wewe ningemwambia shoga aombe advansi isogezwe mbele, mjikusanye watu sita mnaoendana mwendo, mchukue likizo ya siku mbili, mfike Engare Sero leo mlale mpaka kesho mchana, usiku wake ndio mpande mkiwa na waongozaji wawili au watatu. Nendeni kiangazi, Juni mpaka Oktoba, sio Aprili barabara ikiwa imekatwa na maji. Na kuanzia leo lifti ya ofisini iache, panda ngazi, hasa kushuka nazo ukiwa na begi mgongoni.

Swali: Anti mimi nina pumu lakini haijanisumbua muda. Huko juu kuna gesi? – Msomaji, Moshi

Jibu: Ipo, ya kiberiti, na kabla ya gesi kuna vumbi la majivu la anayekutangulia, usiku kucha unalivuta wewe. Daktari wako ndiye wa kukuruhusu sio mimi. Akikuruhusu, dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwako, usiiache kwenye begi aliloshika mtu mwingine, tembea wa mbele kwenye msafara, na kule ukingoni usikae kwenye kibonde karibu na matundu ya moshi hata kama pana joto zuri. Kifua kikianza kubana geuka hapo hapo.

Swali: Niaje anti, sisi ni wasee wa Nairobi, tuko na gari yetu. Lazima tuzunguke mpaka Arusha ndio tufike? – Msomaji, Rongai

Jibu: Sio lazima. Mkivuka Namanga mkafika Longido kuna njia inaingia magharibi kuelekea Kitumbeine na Gelai mpaka ziwani. Ni fupi kwa ramani, sio kwa mgongo. Mtandao wa simu unapotea, njia zinagawanyika gawanyika mchangani, na mvua ikinyesha gari dogo litabaki huko. Mkiwa na gari mbili za kupanda milima, tairi za akiba na mtu anayeijua njia, sawa. La sivyo pitieni Arusha.

Swali: Kwa nini usituambie kuhusu Nyiragongo, yenyewe lava ni nyekundu kweli na watu hulala juu. – Msomaji, Bujumbura

Jibu: Ni kweli ndugu yangu, mlima ule wa mita 3,470 ulikuwa na vibanda ukingoni, watu wanalala wakiangalia ziwa la moto. Lakini Mei 22, 2021 ulipasuka na lava ikashuka mpaka pembeni ya Goma, na baadaye vita vikaongezeka. Hali ilivyo sasa siwezi kumpangia mtu safari ya pale.

Swali: Tunaenda Lengai familia nzima, kijana wetu ana miaka 11 na anacheza mpira kila siku. Apande? – Mama wa Njiro

Jibu: Hapana mama. Nguvu anazo, lakini mteremko ule gizani unahitaji mtu mwenye kujua kuogopa. Abaki chini na mmoja wenu, alale usingizi, asubuhi wampeleke ziwani kwenye flamingo kabla jua halijawa kali, halafu kwenye nyayo za binadamu wa kale pale Engare Sero, zipo zaidi ya 400, zina kati ya miaka 5,000 na 19,000, zimekaa kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, aone mtu wa zamani alivyokuwa anakimbia. Mchana nyinyi mkishuka mko hoi mnataka kulala, yeye na mwenyeji wenu waende maporomokoni kuogelea. Mvalishe viatu vya kufunga vya kulowa, sio ndala, kwa sababu kufika kwenye maporomoko mnapita ndani ya mto wenyewe na mawe yanateleza.