Maswali ya Wasomaji: Barua ya Uhakikisho ya Chuo cha Kijeshi

Wasomaji wetu waishio Marekani wametuandikia kwa wingi kuhusu watoto wao wanaoomba kusoma katika vyuo vya kijeshi vya nchi hiyo, na karibu kila swali linarudi kwenye karatasi moja: ile barua ambayo chuo humtumia mwombaji mapema, kabla ya maombi kufungwa, kumjulisha kwamba nafasi yake ipo endapo atatimiza masharti yaliyobaki. Hapa nitaiita barua ya uhakikisho. Jina linalopelekwa chuoni na seneta au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi nitaliita pendekezo, na nafasi yenyewe ya kusoma nitaiita uteuzi. Naomba msomaji ayashike maneno haya tangu mwanzo, kwa kuwa familia nyingi hupotea njia pale yanapochanganywa.

Mwanangu yuko darasa la kumi na mbili hapa Houston. Katikati ya Oktoba alipokea barua kutoka Chuo cha Wanamaji cha Annapolis ikisema kwamba chuo kinakusudia kumpa nafasi. Tulipiga simu Tanga usiku uleule, na babu yake akachinja mbuzi. Wiki iliyopita jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, alituuliza kama kijana ameshafanyiwa usaili na ofisi ya seneta. Hatukuwa na habari ya usaili wowote. Je, tulishangilia mapema mno?
*Mama wa Houston*

Dada yangu, furaha yenu ina msingi. Annapolis, West Point (chuo cha Jeshi la Nchi Kavu) na chuo cha Jeshi la Anga kilichoko karibu na Colorado Springs hutuma barua za namna hii kwa waombaji wachache tu, wale ambao alama zao, uongozi wao shuleni na michezo yao vimekiridhisha chuo mapema kiasi kwamba hakioni sababu ya kungoja. Chuo kimejifunga kwa maandishi, na si jambo dogo. Lakini kimejifunga kwa masharti. Kaa na mwanao mezani, muisome barua hiyo upya kwa utulivu, na kila mnapokuta maneno yenye maana ya "endapo" au "mradi" mpige mstari. Mtakuta mistari kama minne: apate pendekezo, apasi uchunguzi wa afya, apasi mtihani wa uwezo wa mwili, na aendelee kufanya vizuri darasani na kuwa na mwenendo mwema hadi siku ya kuripoti.

Jirani yenu amewagusia sharti zito kuliko yote. Kwa sheria ya Marekani, mwombaji wa kawaida hawezi kuteuliwa katika vyuo hivyo vitatu bila pendekezo, hata kama chuo kinampenda namna gani. Mwanao ana milango minne: maseneta wawili wa Texas, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi wa jimbo lenu la uchaguzi, na Makamu wa Rais. Upo pia mlango wa Rais, lakini huo ni wa watoto wa wanajeshi wa kudumu, nao una nafasi 100 kwa mwaka katika kila chuo. Kila seneta na kila mjumbe anaruhusiwa kuwa na wanafunzi watano tu kwa wakati mmoja katika kila chuo, na ndiyo maana ofisi zao huchuja majina kwa ukali, huku kila ofisi ikiwa na fomu zake, barua zake za udhamini na tarehe yake ya mwisho.

Ajali hutokea kwenye tarehe hizo. Barua ya uhakikisho hufika Septemba au Oktoba, na ni msimu huohuo ofisi nyingi za maseneta na wajumbe zinapofunga maombi. Kijana anaishika barua yenye nembo ya chuo, anaona kazi imekwisha, anaiacha fomu ya seneta ikae kwenye droo, na anapozinduka dirisha limefungwa. Barua ya uhakikisho haimpi mtu pendekezo, wala haimlazimishi seneta kulitoa.

Kwa hiyo pigeni simu kesho asubuhi katika ofisi zote tatu, za maseneta wawili na ya mjumbe. Afadhali apige kijana mwenyewe, maana ofisi hizo hupenda kumsikia mwombaji kuliko mzazi wake. Aulize tarehe ya mwisho, aeleze kwamba ana barua ya uhakikisho, na aombe kuwapelekea nakala. Ofisi nyingi huitazama barua hiyo kwa jicho zuri, kwa sababu inaonyesha kwamba pendekezo lao halitapotea bure. Ikiwa dirisha la mjumbe limeshafungwa, maseneta huenda bado wanapokea, na ofisi ya Makamu wa Rais hupokea maombi hadi mwisho wa Januari. Jina lake likiingia kwenye orodha moja tu, hata kama halikuwa la kwanza, chuo kilichompa uhakikisho kina njia za kisheria za kumpatia nafasi.

Akiitwa kwenye usaili, aende amejiandaa kama asiye na barua yoyote. Jopo huwa na watu wa eneo lenu, aghalabu maafisa wastaafu na walimu, na swali lao kubwa ni kwa nini anataka kuwa afisa. Kijana anayejibu kwa kusema kwamba Annapolis wameshamkubali bado hajajibu.

Shikamoo. Nina miaka kumi na saba na nimepata barua ya uhakikisho kutoka West Point. Nilipokuwa na miaka kumi na minne daktari aliniandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo kwa sababu ya kikohozi cha msimu wa chavua. Niliitumia kama wiki mbili, na tangu hapo nimekimbia mbio za nyika miaka mitatu bila shida. Marafiki wananishauri nisiliandike jambo hilo kwenye fomu ya afya ili nisiipoteze barua. Nifanyeje?
*Kijana wa Minneapolis*

Marahaba, mwanangu. Liandike.

Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza pia hofu yako inatoka wapi, kwa sababu ni hofu ya haki. Kwa viwango vya afya vya jeshi la Marekani, pumu iliyotokea baada ya mtu kutimiza miaka 13 humwondolea sifa, na dawa ya kuvuta uliyoandikiwa ukiwa na miaka 14 itawafanya waulize. Lakini kutokuwa na sifa katika hatua ya kwanza si mwisho wa safari. Bodi ya Wizara ya Ulinzi inayopitia afya za waombaji hutamka tu kama umetimiza viwango au hukutimiza. Uamuzi wa kukusamehe kasoro fulani na kukupokea pamoja nayo ni wa chuo, na hapo ndipo barua yako inapokuwa na uzito wake halisi, kwa kuwa chuo kilichokwisha kukuchagua kina sababu ya kulitazama faili lako kwa makini badala ya kulifunga.

Kazi yako sasa ni ya karatasi. Nenda kwenye kliniki ile uombe kumbukumbu zako zote za siku zile, kisha usome daktari aliandika nini hasa. Kuna tofauti kubwa kati ya neno pumu na maneno kikohozi cha mzio. Ukiombwa kipimo cha nguvu ya pumzi, kifanye upesi, na kila barua ya bodi inayotaka maelezo ya ziada uijibu ndani ya siku chache, kwa sababu mambo haya yanaweza kuchukua miezi, na darasa linajaa huku wewe unasubiri. Peleka pia muda wako wa mbio za nyika, kwani miaka mitatu ya mbio hizo ni ushahidi.

Wale waliokuja Marekani wakiwa wadogo wana kazi zaidi. Nimewahi kuketi na mama mmoja aliyemwaga mezani vitu vya mfuko wa plastiki akitafuta kadi ya kliniki ya mwanawe aliyezaliwa Tanzania, na alipoipata ilikuwa imeliwa na mende kwenye kona, mihuri ya chanjo imefifia, na neno moja la mkunga limeandikwa kwa kalamu ya risasi hata ikatubidi tuisogeze dirishani ili tulisome. Kadi kama hiyo itafsiriwe na itunzwe. Siku moja itaulizwa.

Kuhusu ushauri wa marafiki zako, fikiria unakokwenda. Kanuni ya heshima ya West Point inasema kwamba kadeti hatadanganya, hatalaghai, hataiba, wala hatawavumilia wafanyao hivyo. Dawa uliyonunua kwa bima ina kumbukumbu, na ikigundulika ukiwa tayari umevaa sare, utakuwa umegeuza suala la afya kuwa suala la uaminifu, ambalo daktari hawezi kulitetea. Pole kwa mzigo huu, mwanangu, lakini uubebe mchana kweupe.

Sisi ni familia kutoka Bukavu, tunaishi Louisville, Kentucky. Binti yangu wa miaka kumi na saba amepata barua ya uhakikisho. Mimi niliapishwa kuwa raia wa Marekani mwaka jana, yeye bado ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Barua inataka awe raia. Je, tumechelewa?
*Baba wa Louisville*

Ndugu yangu, yawezekana binti yako ni raia tayari na hamjui. Sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Februari 2001, inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi aliye raia, anakuwa raia moja kwa moja. Haapi, wala haombi. Kama mambo hayo yote yalikuwepo siku ulipoapishwa, uraia wake ulianza siku hiyohiyo.

Kinachowakosa ni ushahidi, kwa sababu chuo hakiwezi kuusoma uraia moyoni mwa mtu. Mwombeeni pasipoti ya Marekani mapema iwezekanavyo, mkiwa na cheti chako cha uraia, kadi yake ya ukaazi na cheti chake cha kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa kilipotea vitani au ukambini, muoneni mwanasheria wa uhamiaji wiki hii, wala msingoje masika. Wasomaji wenye asili ya Tanzania, nanyi pia zungumzeni na mwanasheria, maana Tanzania, tofauti na Kenya tangu Katiba ya 2010, hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili.

Kijana wetu amepewa barua ya uhakikisho, lakini amekubaliwa pia na chuo kikuu cha kawaida chenye ufadhili mzuri. Tukikaa kimya, je, atakuwa ameshajifunga jeshini?
*Mzazi wa Seattle*

Hapana. Barua ya uhakikisho inakifunga chuo, haimfungi kijana. Hata uteuzi kamili ukifika anaruhusiwa kuukataa, na kwa kawaida hutakiwa kujibu ifikapo tarehe 1 Mei, kwa hiyo asikitupe hicho chuo kingine mapema. Akienda, ataapa siku ya kwanza, lakini anaweza kuondoka katika miaka miwili ya mwanzo bila deni la utumishi. Anapoanza mwaka wa tatu ndipo anapojifunga, na akihitimu atatumikia angalau miaka mitano jeshini. Mzungumze naye kuhusu miaka hiyo mitano kabla ya kuzungumza kuhusu ada, ingawa najua kuwa kusoma bila ada ndiko kunakowavutia wazazi wengi.

Binti yangu ana alama nzuri sana lakini hakupata barua yoyote. Wenzake wawili wamepata. Je, ameshakataliwa?
*Mama wa Atlanta*

Hajakataliwa. Wengi wa wanaoteuliwa hawakuwahi kupata barua ya uhakikisho, bali walipata uteuzi wenyewe baadaye, hata mwezi wa Aprili. Akamilishe faili lake, na atume alama mpya zikitoka. Akipenda, atazame pia Chuo cha Walinzi wa Pwani kilichoko New London, Connecticut, ambacho hakihitaji pendekezo la mwanasiasa yeyote.

Ninasoma kidato cha sita Morogoro. Mtu mmoja niliyekutana naye mtandaoni ananiambia anaweza kunipatia barua ya mapema ya West Point kwa shilingi laki nne. Ameshanitumia nakala yenye nembo. Nimtumie pesa?
*Mwanafunzi wa Morogoro*

Usimtumie hata shilingi, mwanangu. Vyuo hivi havitozi ada ya maombi, na barua ya uhakikisho haiuzwi wala haipitii kwa dalali.

Njia ya kweli kwa kijana asiye raia wa Marekani ipo, ila ni nyembamba. Kila kimoja cha vyuo vile vitatu kinaruhusiwa kuwa na wanafunzi wasiozidi 60 kutoka nchi nyingine kwa wakati mmoja. Nchi hualikwa, serikali yako ndiyo inayokupeleka, na maombi hupitia ubalozi wa Marekani ulioko nchini mwako. Huhitaji seneta, na ukihitimu unarudi kulitumikia jeshi la nchi yako, kwa hiyo huo si mlango wa kuhamia ughaibuni.

Andika ubalozini Dar es Salaam uulize kama Tanzania imealikwa kwa mwaka unaoutaka na taratibu zikoje. Wakati huohuo fuatilia nafasi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zinapotangazwa, kwani jeshi letu, JWTZ, huajiri kutoka miongoni mwa waliopitia mafunzo hayo, na maafisa wetu hufundwa katika chuo cha kijeshi cha Monduli. Hiyo nakala yenye nembo usiifute simuni. Ipeleke kituo cha polisi pamoja na namba ya simu iliyotakiwa kupokea hizo laki nne.