Istilahi ya Mashine ya Kijerumani Isome Kuanzia Mkiani

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri, kiwanda kimoja pale Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kilinipa mwongozo wa mashine ya kufungashia, niutoe kwenye Kijerumani niupeleke kwenye Kiingereza. Nikakutana na neno "Spannung". Kamusi ikasema "voltage", nami nikaandika hivyo. Fundi umeme alipima nyaya tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kumbe sura ile ilihusu mkanda: ulikuwa umelegea, unataka kukazwa. Iliniuma sana. Watu walikaa bila kazi kwa sababu ya neno langu moja.

Neno hilo kwa fundi umeme ni volti, kwa mhandisi anayepima uimara wa chuma ni "stress", yaani mkazo ndani ya chuma, kwenye mkanda ni "tension". "Lager" nayo ni beringi, na ni ghala pia. Kwa hiyo usifungue kamusi kabla hujajua umesimama sehemu gani ya mashine.

Maneno marefu yasikutishe. Mjerumani huyaunganisha, na lile lenye maana kuu hukaa mwisho. Kwetu hukaa mwanzo, na hiyo ni bahati kubwa. Chukua "Kugellagergehäuse", anzia mkiani: Gehäuse ni kasha, Lager ni beringi, Kugel ni gololi. Kasha la beringi ya gololi. Mtamkie fundi yeyote wa pale Gerezani, Kariakoo, atakuonyesha kwa kidole. Ndipo uandike "ball bearing housing". Mimi hupitia Kiswahili hata kama mteja hakihitaji, kwa sababu "la" na "ya" zinanilazimisha kuamua kipi ni cha nini. Kiingereza hufuata mpangilio uleule wa Kijerumani, kwa hiyo unaweza kuyapanga maneno yote vizuri bila kuelewa hata moja.

Kisha nambari. Kwa Mjerumani, 1.500 U/min ni mizunguko elfu moja na mia tano kwa dakika, lakini 1,500 mm ni milimita moja na nusu. Nukta na mkato vimebadilishana kazi. Nambari nazipitia peke yake, alfajiri, kabla sijasoma kitu kingine.

Nisipoelewa, sibahatishi. Nampigia fundi anitumie picha ya sehemu yenyewe, na mashine ikiwa hapa mjini, napanda daladala nikaione.