Mwanangu ana usonji, nami nguvu zimeniishia

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina mtoto wa kiume wa miaka sita. Hospitali walituambia ana usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kuwasiliana kama wenzake. Hasemi. Huamka saa nane usiku, akafungua bomba, akarukaruka kitandani hadi alfajiri. Akisikia honi ya daladala huziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Nilikuwa mama lishe Rangi Tatu, hapa Mbagala, nimeacha kwa kuwa sina wa kumwachia. Baba yake hurudi, akala, akalala. Mama mkwe anasema kwao hakuna watoto wa namna hii, nimekuja nalo mimi, twende kwa mganga. Juzi nilimpiga mtoto mpaka nikajiogopa. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Je, mimi ni mama mbaya?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe si mama mbaya. Umechoka kupita kiasi, na uchovu wa namna hiyo ni ugonjwa unaotibika.

Hilo la kutamani usiamke ndilo la kwanza. Leo hii mwite mtu unayemwamini, dada au jirani, umweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza neno. Kesho nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili, kwa ajili yako, si ya mtoto. Wazo likikuzidi usiku, usibaki peke yako na usingoje kuche. Na mkono ukitaka kupanda tena, hakikisha mtoto yuko salama, kisha toka usimame mlangoni mpaka pumzi itulie.

Sasa baba mtoto. Baba, kama unasomewa barua hii, nakuomba usikie: mkeo hajalala usiku mzima kwa muda mrefu, na hakuna dawa itakayomsaidia asipolala. Gaweni usiku. Mmoja akeshe hadi saa saba, mwingine apokee hapo hadi asubuhi, na aliye zamu ya kulala alale chumba kingine ikiwezekana. Siku ya mapumziko ya baba, mtoto awe wa baba mpaka jioni. Komeo la mlango liwekwe juu asikofika, na bomba lifungwe kwenye koki kuu kabla ya kulala.

Katika miaka yangu ya uuguzi wodi ya watoto nimeona wengi wasiosema wakijigonga kichwa, kumbe sikio lina usaha, jino limeoza au choo kimefunga siku kadhaa. Mwambie daktari amkague huko kote, umweleze na habari ya usingizi. Akishtuka-shtuka au kukodoa macho bila kuitika, litaje pia, maana kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine. Nakusihi usimpe dawa ya mafua ili asinzie. Akina mama wengi hufanya hivyo kwa kukata tamaa, na ni hatari.

Mama mkwe aelezwe na mwanawe mwenyewe, si wewe. Usonji hausababishwi na malezi, wala uchawi, wala chanjo. Mtoto huzaliwa akielekea huko, na urithi una sehemu kubwa, wa pande zote mbili. Miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wa Marekani na Ulaya waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Wanawake waliumizwa bure, na nadharia hiyo imeshatupwa. Fedha ya mganga iwe nauli ya kliniki.

Kuhusu shule, muone afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Zipo shule za msingi za serikali zenye kitengo cha watoto wenye usonji, mfano Msimbazi Mseto, Ilala. Usikubali kuambiwa arudi nyumbani kwa sababu hasemi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Ukifika huko, waulize akina mama wengine wanakutana wapi. Wao watakuelewa kabla hujamaliza sentensi, na mtoto akishapata nafasi darasani, asubuhi zako za Rangi Tatu zitakurudia.